Tuta Lililosomewa Fatiha

Kila kijana wa mtaani kwangu anayepata kibarua cha bustani hunijia na simu mkononi. Mmoja ameitwa hotelini Manda, mwingine kapewa ua wa nyumba ya mgeni huko Shela autie maua, na wote hunionyesha picha ile ile: majani mapana kama sinia, maua mekundu yaliyochongoka kama makucha ya kamba wa baharini, na ukungu umetanda juu. "Bibi, wanataka iwe hivi." Nauliza hiyo ni nchi gani. Hawajui. Mimi nami siijui, ila naona kwa macho kwamba huko mvua hainyimi mtu, na upepo wake haukupita juu ya maji ya chumvi kabla ya kufika.

Basi nimeona niyaandike, maana kuyasema nimechoka, na wengine wenu nikisema mnaitazama simu.

Mimi ni mtu wa Faza, kisiwani Pate. Pale Manda nilianza kwa kufua mashuka ya hoteli. Kamba za kuanikia zilipita karibu na asumini iliyotambaa ovyo ikiyachafua mashuka yangu kwa maua, nami nilikuwa naikata kwa hasira kila nikipata nafasi. Kumbe asumini hupenda hasira hiyo. Ikatoa maua mpaka wageni wakawa wanakuja penye kufulia kunusa. Mkubwa wa bustani akaja kuuliza ni nani anayeipogoa, nikadhani nimeharibu, nikakataa. Akasema, "Basi huyo asiyekuwa wewe aje afanye kazi kwangu." Hivyo ndivyo nilivyoacha sabuni.

Mkubwa huyo aliitwa Bwana Kioko. Alikuwa Mkamba wa Makueni, mrefu, Mkristo wa kusali kweli si wa Krismasi, na alikuwa na imani mbili: Mungu na majani mapana. Aliamini bustani ya nchi ya joto isiyokuwa na majani mapana ni kama pilau isiyokuwa na nyama. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na hatukuwahi kukubaliana jambo siku ya kwanza. Siku ya pili ndiyo mmoja wetu alikuwa akipita kimya kimya na kufanya alichosema mwenzake.

Kwa maji alikuwa mwalimu wangu. Kwao maji hutafutwa, kwa hivyo hakumwagia mmea maji juu juu kama anayemnawisha mtoto uso. Alifukia mtungi wa udongo ubavuni mwa mmea, akaujaza, akafunika, na maji yakawa yanapenya polepole kwenye mizizi. Nami nilimfundisha kisima cha kisiwani. Maji matamu ya kisiwa hukaa juu, ya chumvi yako chini yake. Ukiteka kwa ndoo, taratibu, unapata matamu. Ukitia pampu ikavuta kwa pupa, unayaita ya chini yaje juu, na yakishakuja hayana haraka ya kurudi. Hoteli ya jirani walifanya hivyo, na migomba yao ikaungua ncha za majani kama iliyopitishwa motoni. Kwa hivyo kijana, kabla hujachagua ua lolote, kayaonje maji. Usimuulize mtu, wewe onja.

Sasa nije kwenye tuta lenyewe, ambalo ndilo watu wa boti bado wanalicheka.

Gati ya hoteli yetu ilikuwa inatazama bahari tupu. Mgeni akishuka botini, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mchanga na ukuta. Mwenye hoteli, ambaye alikuwa akija mara chache kutoka ng'ambo, alitaka pale pawe na tuta la maua lenye sura ya kigeni, mgeni akishuka ajue amefika mbali. Bwana Kioko alifurahi mno. Akaagiza mimea kutoka Mombasa: ile ya makucha ya kamba, na mingine yenye majani ambayo ungeweza kumfunika mtoto. Ilikuja kwa lori mpaka Mokowe na kwa boti mpaka kwetu, imefungwa magunia kama maharusi. Ikapandwa. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kisha kaskazi ikaingia. Upepo ule ulibeba chumvi ukaipaka kila jani, na jani pana ndilo lenye mahali pengi pa kupakwa. Kabla ya Ramadhani ilikuwa imebaki mifupa.

Meneja wetu, mwanamke wa Nairobi, mkali lakini si mbaya, alimwita Bwana Kioko nami nikiwepo. "Mwenye hoteli anakuja msimu ukifunguliwa," akamwambia. "Amesema akikuta mchanga tena pale gatini, atamwaga kokoto bustani yote na watu wa bustani waende nyumbani. Sio maneno yangu, Kioko. Nimejaribu kuongea naye."

Mwana wa mwisho wa Bwana Kioko, Ndinda, alikuwa amepata nafasi chuo cha wauguzi, na kwao mahindi yalikuwa yamekauka msimu baada ya msimu. Bwana Kioko alitoka pale akaenda kuiosha toroli iliyokuwa safi.

Hoteli hufungwa wakati wa masika, na mvua ndiyo wakati wa kupanda. Tuliketi tukachagua upya, na hapa ndipo mnitegee sikio. Mmea wa kustahimili upepo wa chumvi hujitambulisha kwa jani. Tafuta jani nene lenye maji ndani, au lenye ngozi inayong'aa, au lenye manyoya, au jembamba linaloukwepa upepo. Ukiwa na shaka, fanya mtihani wa Bwana Kioko: tia mche kwenye kopo, uuweke mwisho wa gati, uuache huko upepo uukague. Ukichipua jani jipya, umefaulu. Ukilala, umekuepusha na fedheha.

Na hiyo sura ya kigeni haitoki ng'ambo. Inatoka katika kuweka pamoja maumbo yasiyofanana: kilichochongoka kando ya kilichoviringana, kilichosimama juu ya kinachotambaa. Waridi la jangwani huota lenyewe kwenye mawe ya huku, kigogo chake kimevimba kama tumbo la chatu aliyeshiba, na maua yake ni ya rangi ya waridi kabisa. Sisi twalipita bila kugeuka. Mgeni wa Ulaya hupiga magoti kulipiga picha. Ila utomvu wake ni sumu, ukilikata nawa mikono kabla hujajigusa jicho. Mkadi nao, ambao kwetu kazi yake ni ua la kutia kabatini nguo zinukie, kwa mgeni ni mti wa ajabu uliosimama juu ya mizizi yake kama miguu. Shubiri hutoa kikonyo cha maua ya rangi ya moto. Mkonge pori una mistari kama nyoka. Vyote hivyo havikuhitaji lori.

Tulikubaliana hivyo, kwa mara ya kwanza, siku ya kwanza. Ndipo nikaomba ruhusa niende Faza kwa harusi ya mpwa wangu, na Bwana Kioko akabaki kulijenga tuta peke yake.

Sikiliza alivyolijenga, maana kila alichofanya kilikuwa sawa. Chini pana chumvi, kwa hivyo akaliinua tuta. Akalizungushia mawe ya matumbawe ili mchanga usiporomoke. Akalinyoosha kando ya njia, maana alipenda kitu kilichonyooka, na njia ile inatoka mashariki kwenda magharibi. Akatandaza changarawe nyeupe juu ili unyevu usitoke. Akasimamisha jiwe refu huku na jiwe refu kule, ili baadaye atundike taa. Na shubiri kubwa kuliko zote akaipanda upande wa mashariki, penye jiwe, kwa sababu ndipo palipokuwa na udongo mzuri.

Nilirudi na boti ya wafanyakazi. Nahodha, ambaye msimuni ndiye aliyeleta na wageni, alikuwa Bwana Shee, mtu wa kisiwa cha Ndau, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulipokaribia gati nikaona amepunguza mashine mpaka ikawa inanong'ona. Kisha akawatolea salamu watu wa makaburini, akainua mikono, akaanza kusoma Fatiha. Nikatazama alikotazama. Nilimwona Bwana Kioko amesimama kwenye ncha ya mashariki ya kaburi bichi, kofia ameivua kwa sababu ya joto, uso umeinama, anamwaga maji kwa kopo pole pole kutoka kichwani kwenda miguuni. Nami nikainua mikono. Nilifika katikati ya sura ndipo nikaitambua toroli yetu.

Tulishuka. Bwana Shee alimwendea taratibu, kwa sauti ya matangani.

"Bwana Kioko. Hapa mezikwa nani?"

Bwana Kioko akacheka, akidhani anataniwa. "Hakuna mtu amezikwa, mzee. Hii ni maua tu."

"Maua nayaona. Chini yake kuna nani?"

"Chini kuna samadi ya punda."

Bwana Shee akanigeukia. "Bi Rukia, memzika punda?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini jioni ile kicheko kilikwisha. Wanawake wa jikoni walikuwa wamekwisha kuacha njia ya gatini, wanazunguka nyuma kwenye miiba. Askari wa zamu aliomba ahamishiwe lango la pili. Bwana Shee naye, kwa adabu yake yote, alisema wageni ataanza kuwashusha ufukweni, walowe miguu, kwa sababu yeye hapitishi watu wanaocheka na kupiga picha mbele ya kitu kama kile. "Nayua si kaburi," akasema, akijionyesha jicho kwa kidole. "Lakini mato yangu hayayui."

Meneja akaja, akalizunguka tuta. "Mimi sioni kaburi," akasema. "Lakini kama wote wanaona kaburi, basi ni kaburi. Kioko, tengeneza. Msimu huo unakuja."

Kung'oa ilikuwa ni kuua. Mizizi ilikuwa imeanza kushika, masika yalikuwa yanakatika, na mche uliong'olewa kusi likivuma haurudi kuwa mche. Bwana Kioko aliketi juu ya ukingo wa tuta lake. Kila mtu mwingine angeogopa kuketi pale.

"Bi Rukia," akasema, "nikirudishwa nyumbani saa hii, Ndinda ataacha chuo. Hakuna kitu kingine. Hapa ndipo chuo chake kiko, hapa chini ya hii mawe. Sasa niambie bila kunicheka. Kaburi yenu inakuwa kaburi kwa nini?"

Sikumcheka. Nilimwambia kwamba kwetu maiti hulazwa akielekea kibla, na kibla chetu sisi kiko kaskazini, kwa hivyo makaburi yetu yote hulala mashariki na magharibi, na kichwa huwa mashariki. Nikamwonyesha mawe mawili. Nikamwambia kuna koo huku Pate hupanda shubiri kichwani pa marehemu, na maji humwagwa kama vile alivyokuwa akiyamwaga. Alisikiliza kama mwanafunzi. Mwishoni akauliza lipi katika hayo ndilo baya zaidi.

"Kunyooka," nikamwambia. "Hayo mengine mtu anaweza kuyasamehe. Lipinde."

"Nipinde tuta?"

"Lipe tumbo. Hakuna kaburi lenye tumbo."

Alikataa, bila shaka. Alisema mstari ni mstari. Nikaenda zangu. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameshasogeza mawe ya upande wa ukuta, tuta limevimba katikati kama mwezi wa siku chache, na hakuna mche hata mmoja uliohamishwa. Nikachukua jembe.

Mawe marefu tuliyalaza. Moja likawa kiti. Changarawe tuliiacha mahali na kuitoa mahali, ili mkonge pori utokeze bila mpangilio. Kwenye tumbo jipya nikapanda asumini, miche ya ile iliyokuwa ikichafua mashuka yangu, maana asumini kwetu ni ya kikuba, kile kishada cha maua anachojipamba nacho mwanamke, ni ya mwanamke aliyeogea harusi, na pua haikubali kuwa penye harufu ile pana msiba. Iliwekwa nyuma ya mkonge na mkadi, ambavyo vilikula upepo kwa niaba yake. Hilo ndilo la kukumbuka ukitaka kitu laini karibu na bahari: kwanza panda wagumu mbele, kisha mfiche aliye laini nyuma yao. Na kwa sababu nilimhurumia mzee wa watu, nilimpeleka nyuma ya jikoni, penye ukuta wa kuzuia upepo na maji ya kuoshea vyombo. Nikamwambia hapa ndipo mahali pa majani yako mapana. Akapanda migomba na majimbi. Yalikua mpaka mpishi akalalamika jikoni kumekuwa giza.

Miche mipya ilihitaji wiki kadhaa, na wiki hizo Bwana Kioko alikonda. Hakuwa akimsubiri mwenye hoteli. Alikuwa akimsubiri Bwana Shee, ambaye boti yake ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Alisema mwenye hoteli ni mgeni, ataona chochote atakachoonyeshwa, lakini yule mzee wa Ndau hadanganyiki.

Siku boti iliporudi, tulisimama wote wawili kando ya njia, tukijifanya tunapalilia palipokwisha kupaliliwa. Mashine ilikuja kwa kelele yake yote. Haikupunguzwa. Bwana Shee akafunga kamba, akapanda gati, akatembea mpaka kwenye tuta, akasimama. Mikono ilikuwa ubavuni.

"Haya maua," akasema Bwana Shee, "huchumwa au hutazamwa tu?"

"Chuma, mzee," Bwana Kioko akasema. "Chuma yote ukitaka."

Alichuma asumini chache akazifunga kwenye ncha ya leso. Akasema ni za mkewe, yeo jioni wana wageni. Kisha akaketi juu ya lile jiwe tulilolilaza, akafungua kiatu akakung'uta mchanga. Bwana Kioko aligeuka akatazama baharini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwenye hoteli alipokuja alilipenda tuta, akauliza mimea imetoka nchi gani. Meneja akamwambia ni ya mbali sana. Tulibaki kazini, Ndinda akamaliza chuo, na kokoto zilizokwisha kununuliwa zikatiwa kwenye njia ya kwenda choo cha wafanyakazi.

Bwana Kioko alistaafu kabla yangu. Siku ya kuondoka alibeba kopo moja lenye kitawi cha waridi la jangwani na chipukizi la shubiri, akakataa kulitia kwenye mzigo, akasafiri nalo mapajani. Alikuwa akinipigia simu kila Idd, bila kukosa, na kila mara alianza kwa kuuliza kama tuta bado limepinda.

Idd hii simu haikuja. Ilikuja baada ya siku chache, na sauti ilikuwa ya mwanamke. Alisema yeye ni Ndinda, na kwamba baba amefariki na wameshamzika shambani kwao. Nililia, naye akaningoja nimalize, kama muuguzi. Kisha akasema anataka kumpandia babake maua pale, na shambani pana ukame na jua kali, na baba alikuwa amewaambia kwamba mambo ya maua aulizwe Bi Rukia.

Akanitumia picha. Udongo mwekundu uliotutumka, mawe yamepangwa pembeni, msalaba wa mbao. Nilimchagulia kama ninavyowachagulia ninyi. Nilimwambia achukue chipukizi la ile shubiri aliyoibeba babake mapajani, alipande kichwani, na lile waridi la jangwani miguuni. Afukie mtungi wa udongo katikati na kuujaza kila akienda. Asumini apande ikiwa atapata mtu wa kuipogoa kwa hasira.

Alikuwa anaandika, nasikia kalamu. Kisha akasema, "Na umbo, Bi Rukia? Baba alikuwa anatuambia kila siku, tuta lazima lipindwe. Nilipinde?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hilo la babako linyooshe. Na maji uanzie kichwani, polepole."